Neno "wasiwasi" peke yake halitoshi kwenye faili la mgonjwa

Katika idara za kumbukumbu za afya tunakutana na faili ambalo tabibu ameandika neno moja tu, "wasiwasi", akafuatisha jina la dawa na sahihi yake. Neno hilo si la uongo, lakini halimsaidii mtunza kumbukumbu anayetakiwa kuligeuza kuwa msimbo, yaani alama fupi ya herufi na tarakimu inayowakilisha ugonjwa au dalili, kwa sababu toleo la kumi la uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, yaani ICD-10, linatenganisha wasiwasi wa aina nyingi. Akikosa maelezo zaidi ataishia kuweka F41.9, ugonjwa wa wasiwasi usiobainishwa, na hapo kisa chote kilichomleta mgonjwa hospitalini kinapotea katika takwimu.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama wa miaka 38 anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Injini ya mtumbwi wa familia imeibwa, mkopo wa kikundi haujaisha, na tangu wiki ya pili baada ya wizi huo hapati usingizi, moyo unamwenda mbio kila simu inapolia, na siku za kwenda sokoni zimepungua. Akifika kituoni anasema, "Dokta, presha inanipanda." Anapimwa, na presha iko sawa. Tabibu akiandika "moyo kwenda mbio", msimbo utakuwa R00.2, ambao ni wa dalili tu. Akiandika "msongo wa mawazo" bila kueleza zaidi, msimbo utaelekea Z73.3, ambao hautaji ugonjwa wowote. Lakini akiyaandika yote aliyoyasikia, yaani tukio, tarehe yake, dalili zilipoanza na kazi ilivyoathirika, picha inayojitokeza ni ya F43.2, kundi la watu ambao akili zao zimeshindwa kumudu badiliko zito la maisha. Kwa mujibu wa ICD-10, hali hiyo kwa kawaida huanza ndani ya mwezi mmoja tangu tukio na haizidi miezi 6, isipokuwa pale huzuni inapokuwa ya muda mrefu.

Muda ndio mizani ya utambuzi huu, na kwa maoni yangu ndilo jambo linalosahaulika zaidi kwenye maandishi yetu. Mtu ambaye wasiwasi wake umedumu miezi mingi, unahama kutoka ada ya shule kwenda afya ya watoto hadi mambo asiyoweza hata kuyataja, yuko karibu zaidi na F41.1, ugonjwa wa wasiwasi wa jumla. Anayeshikwa na hofu kali ya ghafla, ikajirudia bila kitu maalumu kinachoiamsha, anafikiriwa kwa F41.0, ugonjwa wa hofu ya ghafla. Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunakumbuka Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Mtu aliyenusurika ajali ya namna hiyo akatetemeka na kuchanganyikiwa kwa saa chache au siku mbili tatu kisha akatulia, hali yake katika ICD-10 ni F43.0, mshtuko wa muda mfupi baada ya tukio zito; lakini ikiwa baada ya wiki kadhaa anaota maji usiku, anakwepa kupanda chombo chochote na anashtuka kwa kelele ndogo, tabibu anapaswa kufikiria F43.1, msongo wa baada ya kiwewe (PTSD). Toleo la ICD-11, lililoanza kutumika rasmi kimataifa Januari 1, 2022, limeuondoa mshtuko wa siku za mwanzo katika orodha ya magonjwa ya akili kabisa, kwa kutambua kwamba ni itikio la kawaida la binadamu aliyepatwa na jambo lisilo la kawaida.

Maandishi mazuri si lazima yawe marefu. Kwa mama yule ingetosha kuandika hivi: "Injini ya mtumbwi iliibwa wiki 5 zilizopita, wiki 3 sasa hapati usingizi, moyo kwenda mbio, hofu ya madeni, siku za biashara zimepungua kutoka 6 hadi 2 kwa wiki, hana mawazo ya kujidhuru, presha na damu vimepimwa, viko sawa." Sehemu hiyo ya vipimo ina uzito wake, kwa kuwa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, baadhi ya dawa za pumu na hata kuacha pombe ghafla vinaweza kuleta dalili zilezile, na wasiwasi unaotokana na ugonjwa wa mwili una msimbo wake, F06.4.

Mtunza kumbukumbu haruhusiwi kuunganisha mwenyewe wizi wa injini na kukosa usingizi, hata kama uhusiano unaonekana wazi. Anarudi kwa tabibu na kuuliza. Vilevile haifai kubadilisha utambuzi ili madai ya bima yapite, wala kuuficha kwa kumhurumia mgonjwa anayeogopa kuitwa kichaa. Msimbo unaoanza na herufi F haumaanishi kwamba mtu amerukwa na akili, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa hivyo kabla hajaondoka chumbani.

Wewe unayekwenda kutibiwa, usiishie kusema presha. Taja kilichotokea, lini, na kitu gani ulichokuwa ukikifanya ambacho sasa kimekushinda. Ukirudi kliniki, sema pia kama deni limekwisha au jambo limetulia, kwa sababu dalili zikiendelea zaidi ya miezi 6 baada ya chanzo kuondoka, utambuzi wa mwanzo unapaswa kupitiwa upya. Tabibu akiubadilisha, yale ya zamani hayafutwi: yanakatwa kwa mstari mmoja unaoacha maneno yasomeke, kisha tarehe na sahihi vinawekwa pembeni.