Kanisa la Escomb halikujengwa na Waanglikana

Nimekutana nayo tena, safari hii kwenye tangazo la ziara ya waumini: "kanisa la Escomb, lililojengwa na Waanglikana karne ya 7." Jamani, hapana. Escomb ni kijiji cha Durham, kaskazini mwa Uingereza. Bunge lilimtambua Mfalme Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza, badala ya Papa, mwaka 1534. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 800, waliosali humo walikuwa katika ushirika na Roma. Waanglikana wamelirithi, na urithi huo unatosha kujivunia.

Linalonikera zaidi ni hiyo tamaa ya kutaka mwaka mmoja wa kujengwa. Kwa kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, Zanzibar, unaweza kujibiwa: jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873. Escomb huwezi, kwa sababu hata mawe yake yana umri mkubwa kuliko ukuta. Yalitolewa Binchester, ngome ya Warumi iliyo karibu. Ukutani upande wa kaskazini kuna jiwe lenye maandishi LEG VI, yaani Jeshi la Sita la Roma, nalo limejengewa kichwa chini. Naamini mwashi alitazama ukubwa wa jiwe, maandishi hayakumhusu.

Na hiyo "karibu mwaka 675" iliyomo vitabuni? Imeandikwa kwa ujasiri mno. Jarrow, mji mwingine wa kaskazini mwa Uingereza, kuna jiwe lililoandikwa siku kanisa lake lilipowekwa wakfu, mwaka 685. Escomb hakuna hati wala jiwe la namna hiyo. Tarehe yake tunaikisia kwa kulilinganisha na majengo ya jirani: ukumbi mrefu mwembamba, wa mita 13 hivi kwa 4 na kidogo, kuta zikipanda kama mita 7, na miimo ya tao la kuingilia madhabahuni ambamo jiwe moja limesimamishwa, linalofuata limelazwa, hivyo hivyo hadi juu. Ni hoja nzuri, nami naikubali. Lakini tao lenyewe wengi wetu tunashuku lilibomolewa zima zima katika jengo la Kirumi na kusimamishwa upya hapa. Ikiwa ndivyo, tao ni la nani?

Basi kasome madirisha. Yale madogo yaliyo juu sana, yanayopanuka kuelekea ndani ili mwanga haba usambae, ni ya wajenzi wa kwanza. Yale membamba yenye ncha ni ya karne ya 13, watu walipotaka mwanga zaidi. Mengine makubwa ni ya karne ya 19, na hapo ndipo waongoza wageni wengi hunyamaza. Wasinyamaze! Karne hiyo wanakijiji walijenga kanisa jipya, hili wakaliacha, paa likaharibika. Lilikarabatiwa kati ya 1875 na 1880, miaka ile ile ambayo mafundi walikuwa kazini Mkunazini. Bila ukarabati huo tungekuwa tunapiga picha magofu.

Kwa hiyo mwenye kuandika tangazo, kama nafasi ni ya mstari mmoja tu, andika hivi: kuta za karne ya 7 kwa makadirio, mawe ya Kirumi, madirisha ya nyakati tatu, paa lililookolewa karne ya 19, na leo ni parokia ya Kianglikana. Mstari utakuwa mrefu. Punguza picha.