Filamu ya lulu za Tahiti: yanayosemwa na yaliyo kweli

White Shadows in the South Seas, filamu ya Hollywood kuhusu wazamiaji wa lulu na wafanyabiashara wa kizungu katika visiwa vya Pasifiki, huitwa sinema bubu. Nusu tu. Ni kweli ilipigwa bila sauti na maneno ya waigizaji huyasoma kwenye maandishi, lakini ilipotoka mwaka 1928 kampuni ya filamu ya MGM ilikuwa imekwisha kuitia muziki na sauti nyinginezo. Ndipo watazamaji walipomsikia simba wa nembo ya MGM akinguruma kwa mara ya kwanza.

Wengine humpa mwongozaji Robert Flaherty sifa yote. Flaherty alianza, akaondoka. Aliyemaliza ni W. S. Van Dyke. Mpiga picha Clyde De Vinna alipata Oscar kwa kazi hiyo, na mwaka 1929 yeye na Van Dyke wakaja Afrika Mashariki kupiga filamu nyingine, Trader Horn. Naye binti wa kisiwani anayependwa na daktari mlevi katika filamu hiyo ya visiwani, nani alimwigiza? Raquel Torres, mzaliwa wa Mexico. Hollywood ya siku zile haikuona ajabu.

Dhana iliyoshika mizizi zaidi ni kwamba wafanyabiashara walifuata lulu. Katika visiwa vya Polynesia, Tahiti ikiwemo, mali hasa ilikuwa gamba la chaza, lile linalong'aa ndani, lililopelekwa Ulaya na Marekani kuchongwa vifungo vya nguo. Lulu ilikuwa bahati: unaweza kupasua mamia ya chaza usiambulie kitu. Na haianzi kwa punje ya mchanga, kama tulivyofundishwa. Chaza anaishi na mchanga, anajua kuutema. Kwa kawaida chanzo ni kimelea, au jeraha kwenye nyama yake laini.

Kisha kuna lile kombe kubwa la baharini ambalo sinema hupenda kulifanya libane mguu wa mzamiaji mpaka afe. Hakuna kifo cha namna hiyo kilichowahi kuthibitishwa. Kombe hilo hujifunga polepole, na mengi yaliyokomaa hayafungi mpaka mwisho.

Hata pumzi imetiwa chumvi. Mzamiaji hakai chini dakika kumi; mbizi yake huchukua dakika moja, mbili hivi. Mimi naona hapo ndipo sinema zinapokosea hatari ilipo, maana zinatuonyesha papa. Kilichowaangusha wazamiaji wa visiwa vya Tuamotu, huko huko Polynesia, ni kurudia: kushuka mita thelathini au zaidi, kupanda, kuvuta pumzi kidogo, kushuka tena, mara kadhaa kila saa kutwa nzima. Naitrojeni, gesi iliyomo kwenye hewa tunayovuta, hujilimbikiza mwilini bila kupata muda wa kutoka. Jioni mtu anashikwa na kizunguzungu na kichefuchefu, pengine anapooza, pengine anakufa. Wenyewe wanaiita taravana, yaani kuanguka kama mwenye wazimu.