Je, wajua kwa nini Mama Monika hakujali azikwe wapi?

Msiba ukitokea kwetu, swali la "amefariki lini?" halijapata jibu, la pili limeshafika: "Anazikwa wapi?" Watu huchangishana usiku kucha ili mwili utoke Dar es Salaam ufike Bukoba au Rombo, au uvuke bahari kutoka ughaibuni. Kule Kenya, wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986 na hakuzikwa mpaka Mei 1987. Mjane wake alitaka alale shambani kwao karibu na Nairobi, ukoo ukataka alale Nyalgunga, Siaya, na mahakama ikaupa ukoo ushindi. Kuzikwa ugenini tunakuona kama kupotea njia ya kurudi.

Monika, mama yake Mtakatifu Augustino, naye alikuwa wa namna hiyo hiyo. Aliishi Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Mumewe Patricius alipofariki, alijitayarishia kaburi kando yake, akawa na wasiwasi nalo miaka yote. Alitamani watu waseme kwamba waliokaa pamoja wamefunikwa na udongo mmoja, hata baada ya yeye kuzunguka ng'ambo ya bahari.

Mwaka 387 alikuwa Ostia, bandari ya Roma, pamoja na wanawe, wakipumzika kabla ya kupanda chombo kurudi Afrika. Homa ikamshika hapo hapo. Mwanawe Navigius akasema neno ambalo yeyote wetu angelisema: afadhali mama angefia nyumbani kuliko nchi ya watu. Monika akamtupia jicho la kumkanya, akamgeukia Augustino: hebu msikie anavyosema! Kisha akawaambia wote wawili wauzike mwili wake popote, wasihangaike nao. Aliomba jambo moja tu, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Rafiki walikuwa wamemuuliza kama haogopi kuuacha mwili mbali hivyo na mji wake. Akawajibu kwamba hakuna kilicho mbali na Mungu, wala haogopi kuwa siku ya mwisho Mungu atashindwa kujua pa kumfufulia.

Mtu haachi kaburi alilolitunza miaka mingi kwa sababu ya homa tu. Augustino mwenyewe anatuonyesha kitu kilichotangulia, katika Maungamo, kitabu alichoanza kukiandika yapata miaka kumi baadaye.

Kabla ya ugonjwa ule, mama na mwana walisimama wawili tu dirishani, wakitazama bustani ya nyumba waliyofikia. Wakawa wanaulizana uzima wa milele wa watakatifu ukoje. Mazungumzo yakapanda kama mtu anayekwea mlima: wakavipita vitu vya duniani, wakalipita jua, mwezi na nyota, wakaingia ndani ya akili zao wenyewe, wakaipita hata hiyo. Anasema wakaigusa kidogo ile hekima ya milele, kwa pigo moja la moyo. Wakashusha pumzi, wakarudi kwenye kelele za vinywa vyao, mahali ambapo neno huanza na kuisha.

Hapo pa neno kuanza na kuisha ndipo penye fundisho lote. Watoto wa kipaimara humuuliza katekista: mbinguni tutaimba milele, hatutachoka? Swali zuri sana, na mara nyingi hujibiwa kwa kukemewa. Tukisikia "milele na milele" tunafikiria muda mrefu, miaka milioni ikifuatwa na milioni nyingine, na ibada yenye urefu huo ingemchosha hata mwenyekiti wa kwaya. Kwa Augustino, umilele si muda uliorefushwa. Anatoa mfano wa wimbo. Unapotaka kuimba wimbo unaoujua, kabla hujaanza wote unakungojea mbele. Ukiimba, kila silabi inahama kutoka kwenye kungojewa kwenda kwenye kukumbukwa, mpaka mwisho hakuna kilichobaki mbele. Maisha yetu ni hivyo, tunaishi silabi moja moja. Mungu hana silabi iliyopita wala ijayo. Kwake wimbo mzima upo sasa. Kwa hiyo katekista anaweza kumjibu yule mtoto kwamba kuchoka kunatokana na muda unaopita, na huko hakuna kinachopita.

Mhubiri, katika Biblia, naye alikwisha kuligusa jambo hili: Mungu "ameiweka hiyo milele ndani ya mioyo yao" (3:11). Augustino anafungua Maungamo kwa wazo hilo hilo, kwamba Mungu alituumba kwa ajili yake na moyo wetu hautulii mpaka utulie ndani yake. Kutotulia huko ndiko kiu yenyewe. Unajenga nyumba, unaoa, unapanda cheo, halafu jioni unakaa barazani unahisi kuna kitu bado. Nadhani Monika naye alikuwa ameiweka kiu yake kwenye shimo la Thagaste, akidhani kulala kando ya mume ndiko kutulia kwenyewe. Baada ya dirisha lile, shimo likawa dogo.

Ila tusikosee tukasema kwamba mwili si kitu, roho ndiyo inayopaa. Hilo ni wazo la wanafalsafa kuliko la Kanisa. Kanuni ya Imani inasema "ufufuko wa miili", na Monika aliposema kuhusu pa kumfufulia, alikuwa anauzungumzia mwili wake huo huo wenye homa. Aliliacha kaburi kwa sababu aliamini kuna anayeujua mwili wake ulipo. Roma ilipotekwa mwaka 410, wengi wakalia kwamba wafu wao hawakuzikwa. Augustino akajibu kwamba fahari ya maziko ni faraja ya walio hai kuliko msaada kwa waliokufa. Hapo hapo akaongeza kwamba vazi au pete ya baba huwa na thamani kwa watoto kadiri walivyompenda, seuze mwili wake. Kwa hiyo anayechangia kusafirisha mwili hafanyi upagani, mradi ajue anamfanyia nani.

Monika alifariki siku ya tisa ya ugonjwa, akiwa na miaka 56. Mjukuu wake Adeodatus akaangua kilio, wakamnyamazisha. Rafiki yao Evodius akaanza zaburi, "Rehema na hukumu nitaziimba", na nyumba nzima ikaitikia. Augustino alijikaza kiume. Hakulia kaburini. Akaenda kuoga, kwa sababu aliwahi kusikia kwamba kuoga hufukuza huzuni. Akatoka na huzuni yake vile vile. Akalala. Alipoamka peke yake kitandani zikamjia beti za Askofu Ambrosi, zile zinazoanza Deus creator omnium, Mungu muumba wa vyote. Ndipo machozi yakamtoka. Baadaye, alipotaka mfano wa kueleza silabi zinavyopita, wimbo alioutumia ni huo huo.

Mifupa ya Monika ilihamishiwa Roma mwaka 1430, na sasa iko katika kanisa lenye jina la mwanawe. Kaburi la Ostia likasahaulika. Mwaka 1945 wavulana wawili walikuwa wakichimba shimo la kusimika nguzo ya mchezo, uani mwa kanisa la Mtakatifu Aurea, jembe likagonga marumaru. Kilikuwa kipande cha jiwe la kaburi lake, maandishi yakiwa yamekatika katikati.