Mtoto mdogo mezani: nyumbani, hotelini na kwenye kwanjula

"Musawo, mtoto wangu hali kabisa."

Maneno haya ninayasikia karibu kila siku ya kliniki hapa Jinja, Uganda, ambako mhudumu wa afya huitwa musawo. Mama mmoja wa mtaa wa Walukuba alinijia nayo mchana wa jua kali, mtoto wake wa miezi 20 mgongoni. Tulimpima. Utepe wa mkononi ulisimama penye kijani, maana yake mzunguko wa mkono umefika sentimita 12.5 au zaidi, na mstari wa uzito kwenye kadi yake ulikuwa unapanda vizuri. Nikamwomba mama anihesabie kila kilichopita mdomoni mwa mtoto tangu alfajiri. Saa moja, kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari. Baadaye nusu andazi. Shangazi alipopita, biskuti nne. Kwenye bodaboda, juisi ya pakiti, ambayo mtoto alikuwa bado ameishikilia huku akitafuna mrija wake. Saa sita alipowekewa matoke na maharage alifunga mdomo, akageuza uso ukutani.

Mtoto huyu anakula. Ila kila saa ya chakula inamkuta ameshashiba vitu vitamu visivyomjenga.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawakuambiwa, na kutolijua kunawatia hofu bure. Mwaka wa kwanza mtoto hukua mbio sana: aliyezaliwa na kilo 3 hufikisha kama kilo 9 anapotimiza mwaka. Mwaka wa pili mwendo unapungua, anaongeza kilo 2 hivi, pengine 2 na nusu. Mwili uliopunguza mwendo hauombi chakula kama zamani. Ndiyo maana aliyekuwa akimaliza bakuli akiwa na miezi tisa anaanza kudonoa akiwa na mwaka na nusu. Mzazi akiona hivyo anaingiwa na wasiwasi, anatafuta chochote ambacho mtoto atakubali, na anachokubali haraka ni kitamu. Hapo ndipo biskuti zinapochukua nafasi ya maharage.

Sisemi hali ni shwari kwa watoto wote. Uchunguzi wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 29 ya watoto wa Uganda walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na zaidi ya nusu ya wale wa miezi 6 hadi 59, asilimia 53, wana upungufu wa damu. Hao wa upungufu wa damu si watoto wa njaa peke yao. Wengi wanatoka nyumba zenye chakula, ila sahani yao ni wanga mtupu na chai pembeni. Chai, hata yenye maziwa, huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Na maziwa ya ng'ombe nayo yakizidi nusu lita kwa siku yanamshibisha mtoto akakosa hamu ya chakula chenye chuma.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliwahi kugawanya kazi ya mezani kwa namna ninayoifuata hadi leo. Mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na mahali gani. Mtoto anaamua atakula kiasi gani, na kama atakula. Wazazi wangu wa kliniki husikia sehemu ya pili wakashtuka. Mtoto aamue? Ndiyo, kwa sababu yeye ndiye anayelijua tumbo lake. Akigeuza uso, akitema, akianza kuchezea kijiko, amesema ameshiba. Ukimshika mashavu ukamsukumia tonge, unamfundisha kuogopa sahani, na kesho atalia akikuona tu unaosha bakuli lake.

Lakini sehemu ya kwanza ni yako, na wengi tunaiachia ovyo. Weka saa. Milo mitatu au minne, na kitu kidogo katikati mara moja au mbili, kama ndizi, parachichi, yai la kuchemsha au uji wa ulezi. Katikati ya hapo ni maji, na ziwa la mama kwa anayenyonya, maana kunyonyesha kunaendelea hadi miaka miwili na zaidi. Mama wa Walukuba hakuandikiwa dawa yoyote. Nilimwomba aondoe juisi na biskuti, na chai aiache kwa wakubwa. Aliporudi baada ya wiki tatu alisema siku mbili za kwanza zilikuwa za vilio, siku ya tatu mtoto alikuja mwenyewe kukaa karibu na sufuria.

Sasa tuje kwenye sahani. Watoto wakikusanywa kwenye sinia moja juu ya mkeka, wa miaka tisa anameza matonge matatu wakati mdogo bado anapuliza la kwanza. Kula pamoja ni jambo zuri, na mtoto hujifunza kula kwa kutazama wenzake. Lakini mpe bakuli lake, liwe hapohapo kando ya sinia. Wa miezi 12 hadi 23 anahitaji kama robo tatu ya kikombe cha mililita 250, hadi kikombe kizima, kwa kila mlo. Kwenye sinia la pamoja huwezi kujua kapata nini. Na mtu mzima mmoja awe karibu naye kwa muda wote huo mfupi, simu ikiwa mbali. Mtoto anayelishwa akiangalia katuni anameza bila kuonja, na siku chaji ikiisha kunakuwa na msiba.

Ndani ya bakuli hilo kuwe na nini? Nimeketi kwenye nyumba nyingi ambako kuku akichinjwa firigisi inakwenda kwa baba, paja kwa mgeni, na mtoto anamiminiwa mchuzi juu ya posho, yaani ugali. Mchuzi una harufu ya kuku, nyama imebaki kwa wakubwa. Simlaumu mtu, ni heshima tuliyolelewa nayo, na firigisi yenyewe ni ngumu kwa meno ya mtoto. Ninachoomba ni ini. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kimepondwa kwa uma ndani ya matoke, kinampa chuma ambacho bakuli zima la mchuzi halina. Pasipo na kuku, kuna yai, kuna mukene, yaani dagaa, aliyeoshwa mchanga, akakaushwa na kusagwa, kijiko kimoja ndani ya uji au mchuzi wa karanga. Kule hospitali ya Mulago, Kampala, kitengo cha lishe cha Mwanamugimu kimewafundisha akina mama kwa miaka mingi kupika kitobero: chakula cha wanga, maharage au karanga, kitu cha mnyama na mboga za majani, vyote pamoja kwenye jani la mgomba, vinaivishwa kwa mvuke juu ya sufuria ileile ya familia. Mkaa ni uleule, hakuna jiko la pili. Karanga tu zichague: zilizokunjamana, zenye ukungu au ladha chungu zitupe, usizisage kwa kuona hasara, kwa kuwa zinaweza kuwa na sumukuvu.

Na mboga akizisusa? Mwekee tena kesho, kidogo tu, bila maneno. Kati ya mwaka na nusu na miaka miwili watoto wengi huanza kuogopa chakula wasichokizoea, na mara nyingi kitu kipya huhitaji kuonekana mezani mara nane, kumi au zaidi kabla hakijakubaliwa. Wengi wetu tunaacha mara ya tatu na kutangaza mbele yake kuhusu mchicha, "Huyu hapendi dodo." Analisikia, analishika.

Mtoto aliyezoea hivi nyumbani hakusumbui sana hotelini. Kosa kubwa la hotelini ninaloliona ni kumwagizia mtoto "chakula cha mtoto". Mara nyingi ni chipsi, soseji na soda. Soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai saba hivi au vinane, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba aliye chini ya miaka miwili asipewe kabisa vinywaji vya sukari. Soseji nayo, ikikatwa vipande vya mviringo, inaziba koo la mtoto kama kizibo. Acha hiyo orodha. Omba sahani tupu na kijiko, umpakulie kutoka kwenye sahani yako: matoke, boga, mchuzi wa karanga, samaki uliyempapasa kwa vidole vyako mwenyewe hadi umehakikisha hana mwiba. Luwombo, mchuzi unaopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, ni zawadi kwa meno machache, kwa kuwa nyama yake imelainika ndani ya jani. Hata kikomando cha barabarani, chapati iliyokatwakatwa na maharage moto, ni afadhali kuliko chipsi, mradi maharage yasiwe na pilipili.

Kuhusu wakati, nenda mapema. Hoteli zetu za chakula cha kienyeji hupika asubuhi, na kufikia saa sita chakula kinatoka kwenye majani kikiwa na mvuke. Saa kumi jioni ni kilekile, kimepoa. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye moto au baridi ya kutosha, kwa kuwa vijidudu hustawi kati ya nyuzi joto 5 na 60. Uliza bila haya: "Kimepikwa saa ngapi?" Kama umeagiza kuku wa kukaanga utasubiri, pengine saa nzima, na mtoto mwenye njaa hajui kusubiri. Nusu ndizi mkobani inaokoa. Beba na maji yako yaliyochemshwa. Maji ya jagi na juisi ya matunda iliyochanganywa na maji usiyoyajua yaache. Mhudumu akileta beseni na birika, mtoto anawe wa kwanza, kwa sabuni, maana yeye ndiye atakayekula kwa mikono yote miwili. Chupa ya chai na supu ya moto ziwe upande wa mbali. Mkono wa mtoto aliyepakatwa unafika mbali kuliko tunavyodhani.

Tunaosafiri kati ya Jinja na Kampala tunaijua Namawojjolo, kituo cha wauza vyakula kando ya barabara. Gari likisimama tu, madirisha yanajaa vijiti vya kuku na maini, gonja (ndizi kubwa tamu) ya kuchoma, maji na soda. Siku moja kiti cha mbele yangu alikaa bibi na mjukuu wa mwaka na nusu hivi. Bibi alinunua gonja moja, akaipasua, akapuliza katikati, akaminya kipande kati ya vidole viwili hadi kikalainika, ndipo akampa. Nyama ya kwenye kijiti akaichana nyuzi nyuzi, na kijiti akakirusha chini ya kiti ambako mtoto hakifikii. Nilitamani akina mama wote wa kliniki yangu wamwone. Karanga nzima, bisi, pipi ngumu, vipande vya nyama ya mshikaki, zabibu nzima: hivi vyote ni hatari kwa aliye chini ya miaka minne, hasa ndani ya gari linalorukaruka, hasa akicheka au kulia na chakula mdomoni. Ale akiwa ameketi wima, gari likiwa limesimama ikiwezekana.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia wala kupumua, mwinamishe mbele umpige mara tano katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisipotoka, na ameshatimiza mwaka, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara tano. Rudia vyote viwili kwa zamu. Aliye chini ya mwaka usimminye tumbo: mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa chini, umpige mgongoni mara tano, kisha mgeuze umkandamize katikati ya kifua kwa kisigino cha kiganja kimoja mara tano. Usimpe maji, na usitumbukize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Mtu mwingine atafute gari la hospitali wakati wewe unaendelea. Akipoteza fahamu, mlaze chali sehemu ngumu na umkandamize kifua bila kuchoka hadi msaada ufike.

Kwa wengi wetu kula nje kunamaanisha sherehe zaidi kuliko hoteli: kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa msichana), harusi, Idi, matanga. Hapo ninakuwa mkali kidogo. Chakula cha kwanjula kimepikwa tangu alfajiri, hotuba ni nyingi, na wageni huenda wakapakua saa kumi au kumi na moja jioni. Mtoto mdogo asingoje. Mlishe nyumbani kabla ya kuondoka, beba kitu chake cha saa tisa, na foleni ya chakula ikifika mpe kile tu kinachotoa mvuke. Nyama iliyopoa na saladi iliyokatwa asubuhi usimpe. Na waambie mashangazi mapema, kwa upole, kwamba soda hapewi. Usiposema wewe, atazinywa tatu kabla bibi harusi hajaingia.

Njoo kliniki, bila kungoja tarehe ya kadi, ukiona uzito haujapanda kwa miezi miwili mfululizo, utepe umeingia njano au nyekundu, miguu yote miwili imevimba, viganja vimekuwa vyeupe, anaharisha na hawezi kunywa, au mtoto aliyekuwa akicheza sasa amelala tu. Njoo na kadi yake, na kichwani uwe na hesabu ya alichokula tangu asubuhi, chai na biskuti zikiwemo.