Zana za Ripoti za Uhasibu kwa Mawakala wa Akili Unde: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Wakala wa akili unde, yaani programu inayotumia modeli ya lugha kutenda kazi kwa niaba yako, akiulizwa "tumepata faida kiasi gani?", haoni mfumo wa uhasibu wenyewe. Anachoona ni orodha ya zana: jina la kila moja, maelezo yake na vigezo inavyotaka. Ndivyo zana zinavyotangazwa katika MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana za nje, iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024. Kwa maneno hayo machache anachagua ripoti ya kuita. Akichagua vibaya, mara nyingi hakuna ujumbe wa hitilafu: inakuja namba safi kabisa, ila si jibu la swali lililoulizwa.

Dhana: Jina linatosha, urari ni urari.

Modeli inaujua urari wa vitabuni, yaani orodha ya salio za akaunti zote, debiti kwa krediti. Isichojua ni urari wa mfumo wako. Unaonyesha salio la kufikia tarehe fulani, au mabadiliko ya kipindi? Maingizo ya rasimu yamo? Krediti ina safu yake, au inakuja na alama ya kutoa? Kwenye maelezo ya zana andika basi kitu kama hiki:

"Hutoa salio la kila akaunti ya leja kuu kufikia tarehe moja. Tumia kuhakiki kama jumla ya debiti na ya krediti zinalingana. Usitumie kujua faida ya kipindi. Kwa hilo ita taarifa_ya_faida. Maingizo ya rasimu hayamo. Kiasi ni shilingi kamili, si maelfu. Krediti ina alama ya kutoa. Kulingana kwa urari si uthibitisho kwamba hesabu ni sahihi."

Sentensi ya "usitumie" ndiyo wengi huiacha, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, maana inatenganisha zana mbili zinazofanana. Ile ya mwisho nayo si mapambo. Muamala uliosahauliwa kabisa hauvurugi urari. Wala mafuta ya gari yaliyoandikwa kwenye akaunti ya matengenezo hayauvurugi. Wakala asiyeambiwa hivyo atamwandikia mkurugenzi kwamba vitabu viko sawa, na kwa ufasaha wa kuridhisha.

Dhana: Tarehe zinajieleza.

03/04/2025 kwetu ni tarehe 3 Aprili; Marekani ni Machi 4. Dai muundo wa 2025-04-03, na uweke mfano. "Mwaka huu" ni mtego mkubwa zaidi: taasisi inayofuata mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania au Kenya huanza Julai 1, jirani yake huanza Januari 1. Taja pia kinachotokea tarehe isipowekwa.

Ripoti ya wadaiwa ina tarehe iliyojificha. Ankara ya Machi 1 yenye muda wa siku 30 kulipwa, ikitazamwa Aprili 15, ina umri wa siku 45 ukihesabu tangu ankara, lakini imechelewa siku 15 tu. Mteja mwema anaweza kupelekewa barua kali kwa sababu maelezo hayakusema umri unahesabiwa tangu lini.

Dhana: Nyaraka za API (njia ya programu moja kuomba data kwa nyingine) zipo, nakili tu.

Zile ziliandikiwa mtayarishaji programu ambaye tayari anajua ripoti anayoitaka. Programu ya uhasibu ya QuickBooks Online, kwa mfano, ina kigezo cha accounting_method kinachopokea Cash au Accrual. Kumpa wakala majina hayo mawili hakutoshi. Mwambie kwamba mauzo ya mkopo ya Machi yaliyolipwa Mei yatahesabiwa Machi kwa Accrual na Mei kwa Cash, na ni ipi kampuni inayoitumia kufungia hesabu. Sema pia kama mapato yana VAT ndani: kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 Tanzania Bara, ankara ya 118,000 ni mapato ya 100,000. Zilizobaki ni za kodi.

Dhana: Maelezo yakiwa marefu zaidi, ndivyo yanavyokuwa salama zaidi.

Hapana. Maelezo ya zana zote kwa kawaida husomwa upya katika kila ombi, na aya nne za historia ya mfumo huzika lile onyo moja linalohitajika. Kata.

Dhana: Ripoti tupu maana yake ni sifuri.

Inaweza kuwa hakukuwa na miamala, kipindi hakijafungwa, au mtumiaji hana ruhusa ya kuona tawi hilo. Kila hali ipewe jibu lake, na maelezo yaseme wakala afanye nini kwa kila moja. La sivyo, tawi la Mwanza litaonekana halikuuza kitu mwezi mzima.

Dhana: Nikiandika "kusoma tu", vitabu viko salama.

Maandishi hayafungi mlango. MCP ina hata alama ya readOnlyHint, nayo, kama jina linavyosema, ni dokezo tu. Kama hutaki wakala aguse leja, mpe akaunti isiyo na haki ya kuandika kwenye mfumo wenyewe, kisha ndiyo uandike maelezo.