Nicodemus, Kansas: mji ulioachwa kando na reli

Kwenye ramani za upimaji za jimbo la Kansas, Marekani, mji wa Nicodemus unaupata kwa namba tatu: taunishipu (mraba wa ardhi) ya 8 kusini, safu ya 21 magharibi, seksheni (kipande cha mraba huo) ya 1. Kwetu wapima ardhi hiyo ni anwani iliyokamilika. Unahesabu kwenda kusini kutoka latitudo ya 40, kisha magharibi kutoka meridiani kuu ya sita, mstari wa kaskazini-kusini tunaoanzia kuhesabu, na unafika kwenye kona ya kaskazini-mashariki ya mraba wa maili sita kila upande.

Mfumo huo ulianza na sheria ya Marekani ya mwaka 1785. Mraba mmoja una seksheni 36, kila moja ekari 640. Robo ya seksheni, yaani ekari 160, ndiyo shamba ambalo sheria ya 1862 ilimpa aliyelipa ada ndogo, akaishi hapo na kulima miaka mitano. Mistari ilichorwa kwenye nyika ambako Wapawnee na watu wengine wa asili waliwinda nyati, na haikujali mto wala mwinuko. Karatasini robo zote ni sawa. Ardhini sivyo, na habari za Nicodemus zote zimo katika tofauti hiyo.

Kampuni ya mji iliundwa Aprili 1877 na W. R. Hill, Mzungu aliyefanya biashara ya viwanja, pamoja na Wamarekani Weusi akiwemo mchungaji W. H. Smith. Matangazo yao yalifika jimbo la Kentucky, kwa watu waliotoka utumwani miaka kumi na miwili tu nyuma. Septemba ile walishuka stesheni ya Ellis, wakatembea zaidi ya maili 30 kwenda kaskazini. Hawakukuta mji. Miti ilikuwa michache mno ya kujengea, basi wakachimba makao ndani ya ardhi. Willina Hickman, aliyefika mwaka uliofuata, alisimulia kwamba alipoonyeshwa moshi ukitoka ardhini na kuambiwa kuwa hiyo ndiyo Nicodemus, alilia. Baadhi ya familia zilirudi upesi. Waliobaki walivuka majira ya baridi kwa nyama waliyogawiwa na wawindaji wa Kiosage, na hilo wazao wao hawalisahau.

Mto Solomon wa Kusini uko karibu, lakini mvua ya huku haina uhakika. Tuko pembezoni mwa longitudo ya 100, ambako nyika yenye unyevu huanza kugeuka kavu. Ngano inakubali mwaka mmoja na kukataa unaofuata, kwa hiyo mkulima anahitaji njia ya kuuza haraka mwaka wa neema. Ndiyo maana mwaka 1887 wapiga kura wa taunishipu, ambayo pia ni jina la eneo la utawala, waliidhinisha hatifungani za dola 16,000 ili kuivuta reli. Makubaliano hayakufikiwa. Mwaka 1888 kampuni ya reli ya Union Pacific ilipitisha njia yake ng'ambo ya mto, maili chache tu kutoka hapo, na wenye maduka wakahamia huko, mahali palipokuja kuitwa Bogue.

Wengi huandika kana kwamba hadithi iliishia hapo. Siafiki hata kidogo. Kilichoondoka ni maduka. Mashamba yalibaki, na wenye hati ndio waliobaki nayo. Nusu karne baadaye, baada ya ukame na vumbi vya miaka ya 1930, taunishipu hiyohiyo ilipata ukumbi wa mawe ya chokaa ya hapohapo, uliokamilika mwaka 1939 kwa mpango wa ajira wa serikali kuu.

Posta ilifungwa 1953. Leo wakazi ni wachache sana, lakini mahali hapa pamehifadhiwa kitaifa tangu 1996, na kila mwaka mwishoni mwa Julai wazao hurudi kutoka majimbo mengi kusherehekea ukombozi. Baadhi ya familia za waanzilishi bado zinamiliki ardhi ndani ya mraba uleule.