Warmerdam hana medali ya Olimpiki, so what?

Kuna dhana moja inaniudhi kweli, eti Cornelius Warmerdam, yule Mmarekani mruka upondo (anayepaa juu kwa kutumia mti mrefu), hakuwa mkali kivile maana hana medali ya Olimpiki hata moja. Jamani, angeitoa wapi? Miaka yake ya moto ndo ilikuwa ya vita, Olimpiki ya 1940 ikafutwa, ya 1944 nayo ikafutwa. We angalia namba tu. Mwaka 1942 pale Modesto, California, aliruka na upondo akavuka mita 4.77. Vita vikaisha, London 1948 dhahabu ikachukuliwa kwa mita 4.30, halafu Bob Richards akashinda 1952 kwa 4.55 na 1956 kwa 4.56, yani dhahabu tatu mfululizo na hakuna hata moja iliyofika alipofika Warmerdam. Rekodi yake hiyo ya mita 4.77 ilikaa mpaka 1957, na Bob Gutowski aliivunja kwa sentimita moja tu.

Wengine wanasema alibahatisha. Alikuwa wa kwanza duniani kuvuka futi 15 (mita 4.57), mwaka 1940, na aliivuka mara 43 kabla binadamu mwingine hajaivuka hata mara moja. Hiyo siyo bahati.

Hii ya kwamba zamani ilikuwa rahisi ndo imepotoka kabisa. Upondo wake ulikuwa wa mwanzi, haukurushi juu kama faibaglasi iliyokuja kushika kasi miaka ya 1960. Ncha ikikaribia kuingia kwenye kishimo unausogeza mkono wa chini haraka ukutane na wa juu, unabembea, unajivuta kwa mikono yako mwenyewe mpaka miguu ipite mwamba (kile kijiti cha juu unachotakiwa kukivuka), na ukishavuka hakuna godoro nene, unashukia kwenye mchanga au pumba za mbao, so hata ukiwa huko juu unawaza utatuaje bila kuvunjika mguu.

Na Warmerdam siyo Mholanzi kama jina lake linavyosikika, wazazi wake ndo walitoka Uholanzi, yeye kazaliwa Long Beach, Marekani, 1915.

Sasa ukocha. Watu wanauchukulia kama sehemu ya kupumzikia staa akizeeka. Warmerdam alirudi Fresno State, chuo alichosoma, akafundisha hapo miaka zaidi ya 30 mpaka 1980, na siyo warukaji wa upondo peke yao, alikuja kuwa kocha mkuu wa riadha yote, wakimbiaji na warushaji humohumo. Ukijumlisha, miaka aliyofundisha ni mingi kuliko aliyoruka, na uwanja wa riadha wa chuo hicho ulipewa jina lake.